Honi ya Liemba

Wapo watu wanaopenda magari, na wapo wanaopenda garimoshi. Mimi niliyekulia Katubuka nilipenda meli, tena moja tu: Liemba. Ziwa Tanganyika lilikuwa na meli nyingine mpya zaidi, kama Mwongozo, lakini hiyo haikunisisimua.

Jumatano alasiri honi ilipolia bandarini Kigoma, tulijua mama ameondoka na madumu yake ya mawese kwenda kuuza Kirando. Jumapili tuliisikiliza tena, maana ndiyo iliyomrudisha.

Jumapili moja haikulia. Giza liliingia, tukasikia kwamba ziwa limechafuka. Mdogo wangu akaanza kulia. Baba akatukalisha barazani akasema, "Meli hiyo ilishazama ikarudi. Upepo wa usiku mmoja utaifanya nini?"

Nilidhani anatubembeleza tu. Ukubwani nikasoma, nikaona alisema kweli. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya. Iliingizwa majini Februari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Mafundi wale huwa nawafikiria sana. Meli yao hawakuipata tena. Grisi yao ilikuja kuwafaa watu wasiowajua, mama yangu akiwa mmoja wao. Hata mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipotolewa Kagunga kuletwa Kigoma, walipanda meli ileile. Wahenga walisema akiba haiozi; hawakusema kwamba aliyeiweka ndiye atakayeila.

Honi ililia Jumatatu kabla ya adhuhuri. Mama alifika amechoka, mchele wake kichwani. Baba alimpokea mzigo bila kusema neno. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa mekundu. Ndipo nilipojua kwamba naye usiku ule hakulala.