Kijana Aliyepigwa Sakristiani



Wapendwa waamini, wengi wetu tulilelewa kwa kiboko, na tukiulizwa husema kwamba ndicho kilichotufanya watu. Juma hili nawaalika tutazame tukio moja dogo katika historia ya Kanisa.

Tarehe 8 Desemba 1841, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Torino, Yohane Bosco, padre wa miezi sita tu, alikuwa akijiandaa kuadhimisha Misa. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, aliingia sakristiani. Msakristia alimwamuru atumikie Misa. Alipojibu kwamba hajui, alimpiga na kumfukuza. Don Bosco alimkemea msakristia, akasema kijana yule ni rafiki yake, akaagiza aitwe arudi. Baada ya Misa alizungumza naye, akagundua kwamba ni yatima asiyejua kusoma wala kuandika. Inasimuliwa kwamba alimwuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Hapo ndipo utume wake kwa vijana ulipoanzia.

Mwaka 1877 Don Bosco aliandika juu ya njia yake ya malezi, iliyosimama juu ya akili, dini na upendo. Mlezi huishi kati ya vijana, ili kosa lizuiwe kabla halijatendwa. Kumpiga kijana alikukataa kabisa, kwa kuwa humtia uchungu na humshushia mlezi hadhi.

Sayansi imefikia karibu na hapo baada ya muda mrefu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya tafiti za miaka hamsini zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Waliona kwamba kuchapwa kunaambatana na ukaidi, ugomvi, matatizo ya afya ya akili na uhusiano mbaya na wazazi. Kuambatana si lazima kuwe kusababisha. Hata hivyo, hawakuona kwamba fimbo humfanya mtoto kuwa mtiifu zaidi.

Huku kwetu, Wasalesiani wa Don Bosco walifika Tanzania mwaka 1980. Hata hivyo, kanuni za shule za mwaka 2002 ziliendelea kuruhusu viboko, visivyozidi vinne. Jirani zetu wa Kenya walivipiga marufuku shuleni mwaka 2001.

Mtanijibu: "Padre, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Ni kweli. Lakini methali hiyo haitaji fimbo. Mtoto hulia pia anaponyimwa, anapokanywa na anapolazimishwa kuomba radhi. Tusiyaogope machozi hayo. Tuogope kimya cha kijana wa miaka kumi na mitano ambaye hana tena la kumwambia baba yake.

Bartolomeo alipata mtu wa kumwita arudi. Ni wangapi wametoka milangoni mwetu wakilia, na hakuna aliyewaita?

Mungu awabariki, nawatakia juma jema.