Edwina Booth na Jua la Afrika

Mwaka 1929 iliteremka Mombasa jamii ya wageni ambayo pwani hii ilikuwa bado haijazoea kuipokea. Hawakuwa wafanyabiashara wala wamisionari. Walikuwa watu wa sinema wa kampuni ya Kimarekani ya MGM, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke, waliokuja kupiga filamu ya Trader Horn. Miongoni mwao alikuwamo binti wa miaka 24, ambaye hadi wakati huo alikuwa amepewa sehemu ndogondogo tu. Jina lake la kazi lilikuwa Edwina Booth. Jina alilopewa na wazazi ni Josephine Constance Woodruff, mzaliwa wa Provo katika jimbo la Utah mwaka 1904, mtoto wa daktari, wa ukoo wa Wamormoni.

Hadithi yenyewe ilitokana na kitabu cha mzee mchuuzi, Alfred Aloysius Horn, aliyesimulia ujana wake huko Gabon, na bibi Ethelreda Lewis wa Afrika Kusini akayapanga masimulizi hayo. Gabon iko magharibi, lakini filamu ikapigwa mashariki, hasa Kenya na Uganda, hata kwenye maporomoko ya Murchison katika Mto Naili. Kwa Hollywood Afrika ilikuwa pori moja, na mto wowote uliweza kusimama badala ya mwingine.

Edwina alipewa nafasi ya Nina, binti wa mmisionari aliyepotea angali mchanga na kukulia porini, akaabudiwa kama mungu. Mungu huyo hana viatu, na vazi lake ni haba. Hapo ndipo ilipo siri ya msiba wote. Wanaume wa msafara walijificha ndani ya kofia pana, mashati ya mikono mirefu na buti. Yeye alitakiwa kusimama juani saa nyingi, nywele zimemwagika, nyayo wazi kwenye nyasi na miiba, kwa miezi kadhaa. Akashikwa na malaria, akaharisha damu, na jua likamdhoofisha. Homa ile haikuwa fumbo kwa mtu yeyote: wenyeji waliijua, madaktari wa Kiingereza waliijua, na kwinini ilikuwa ikiuzwa. Baadaye magazeti ya Marekani yakapenda kusema kwamba Afrika ndiyo iliyomwangamiza. Lakini aliyemvua viatu hakuwa Mwafrika.

Kazi ilianzishwa kama sinema bubu, na sauti ikaongezwa safari ikiwa imekwisha kuanza. Mengi ikabidi yarudiwe Marekani. Kwa sababu hiyo Mutia Omoolu, mtu wa Kenya aliyeigiza kama Rencharo, mshika bunduki wa Horn, alivukishwa bahari hadi Hollywood pamoja na mwenzake, Riano. Filamu ilitoka 1931, ikateuliwa kuwania tuzo kuu ya Akademia, na mabaki ya picha zake yakatumiwa katika Tarzan the Ape Man ya 1932. Jina la Mutia limo katika orodha ya waigizaji. Inasimuliwa pia kwamba Mwafrika mmoja wa msafara aliuawa na kifaru na mwingine akachukuliwa na mamba. Kama ni hivyo, hao hawamo katika orodha yoyote, wala hakuna wakili aliyesimama kuwadai.

Edwina alikuwa na wakili. Baada ya kucheza filamu chache tu, ikiwamo The Last of the Mohicans ya 1932, mwili ulikataa. Aliishtaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni 1, kesi ikamalizwa kwa suluhu nje ya mahakama. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola 35,000. Miaka ikapita akiwa kitandani, katika chumba kilichotiwa giza, kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Uigizaji wake wote, ukihesabu na zile sehemu ndogo za mwanzo, haukufika hata miaka mitano.

Na watu wa nchi zilizopigwa picha, wao walionyeshwa nini? Mwaka 1935 mradi wa sinema wa Kiingereza uliokuwa na makao Vugiri, karibu na Tanga, ulipeleka lori lenye mashine na turubai katika Tanganyika, kisha Rhodesia ya Kaskazini, nchi inayopakana na Songwe ya leo pale Tunduma. Wanavijiji hawakuletewa hekaya ya binti mungu. Waliletewa filamu za kodi, za chai, za akiba ya posta, na moja ya malaria ya watoto wachanga. Ugonjwa uliomwangusha nyota kumbe ulikuwa pia somo la jioni kwa mama wa Kitanganyika, ambaye mwanawe alikuwa akiugua bila gazeti lolote kuandika.

Uvumi ulienea kwamba Edwina amekufa, na ukadumu kwa miaka mingi. Yeye hakujisumbua kuukanusha. Alipona, akaolewa, akahudumu katika hekalu la Wamormoni mjini Los Angeles, na mambo ya sinema hakupenda kuyazungumza hadharani. Alifariki California tarehe 18 Mei 1991, akiwa na umri wa miaka 86.