Vita ya 1973: nani alishinda kabisa?

Tukiongea juu ya vita kati ya Waarabu na Waisraeli, wengi tunauliza tu: nani alipiga mwenzake? Vita ya 1973 inaonyesha kama swali hilo halitoshi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1948, Israeli ilipozaliwa, majirani Waarabu waliingia vitani, na Wapalestina karibu 700.000 walipoteza makao yao. Mwaka wa 1967, kwa siku sita tu, Israeli ikakamata Sinai ya Misri, Golan ya Siria, Gaza, ukingo wa magharibi wa Yordani na Yerusalemu ya mashariki.

Namna gani Misri itarudishiwa Sinai? Raisi Anwar Sadat aliona kama maneno peke yake hayafiki mbali. Tena alijua hana nguvu ya kuangusha Israeli. Njo akachagua vita yenye mupaka: kuvuka mfereji wa Suez, kukamata kipande cha udongo, kisha wakubwa wa dunia walazimike kuita watu kwenye meza.

Tarehe 6 mwezi wa 10, siku ya Yom Kippur na katikati ya Ramadani, Misri na Siria zilishambulia pamoja. (Siku mbili mbele, Zaire ya Mobutu ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli, iliurudisha 1982.) Kwenye Suez kulikuwa ukuta mrefu wa mchanga. Wamisri waliubomoa na maji ya pompi! Lakini kiisha siku kama kumi, Israeli nayo ikavuka mfereji, ikazunguka jeshi la tatu la Misri, ikafika kilometa 101 tu toka Cairo.

Kwenye uwanja, Israeli ilishinda. Lakini 1977 Sadat alienda mwenyewe Yerusalemu, 1979 wakasaini amani, na 1982 Sinai ikarudi, isipokuwa Taba iliyongojea mpaka 1989. Sadat hakuona siku hiyo: waaskari wa inchi yake walimuua 1981.

Siria ilipigana vita ile ile, lakini Golan haikurudi. Na Wapalestina, wenye walipoteza makao tangu 1948, hawakuwa na kiti kwenye meza ile. Amani ilifunga vita ya inchi mbili, shida ya watu ikabaki wazi. Njo maana mpaka leo damu inamwangika.

Wasomi, nyinyi munaona aje: amani inaweza kudumu kama mwenye shida hakuitwa?