Kamera majini: Yachunguze maji kabla ya kununua kifaa

KATIKA mtaa wa Tassia, Nairobi, ulioko karibu kilomita 500 kutoka Bahari Hindi, vijana wanaojipatia riziki kwa kurekodi video za harusi, mazishi na ibada si haba. Kwa wengi wao, kazi ya majini hubisha hodi bila taarifa. Shule imeandaa mashindano ya kuogelea, kampuni imewapeleka wafanyakazi wake Sagana kushuka Mto Tana kwa maboti ya mpira, au hoteli ya Diani inataka tangazo la wageni wakiteleza juu ya mawimbi.

Hapo ndipo hasara hujificha. Kamera iliyonunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima inaweza kuharibiwa na matone machache ya maji ya chumvi. Wakati mwingine aliyeishika huwa hatarini kuliko kamera yenyewe.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kifaa hauanzii katika maduka ya Barabara ya Luthuli. Huanzia kwenye maji: yana kina gani, yanakwenda kwa kasi gani, ni maangavu au ya matope, na mpigaji picha atakuwa ukingoni, juu ya maji au chini yake.

Kurekodi kutoka ukingoni

Picha nyingi nzuri za michezo ya majini hupigwa na mtu ambaye halowi. Mbio za mashua za Lamu, au mchezo wa kuteleza kwa tiara unaovuma Diani na Watamu, hufanyika mbali na ufuo. Kazi kama hiyo huhitaji kamera ya kawaida yenye lenzi ndefu, kigoda cha miguu mitatu kilicho imara na mfuko wa kuzuia manyunyu.

Kamera ndogo za michezo hazifai hapa. Lenzi zake huona eneo pana mno, hivi kwamba baharia aliye umbali wa mita 100 huonekana kama sisimizi. Badala yake, kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji, ambacho hufungwa mbele ya lenzi, kitasaidia zaidi.

Kwenye bwawa la kuogelea, adui ni muda. Jason Dunford alipoishindia Kenya dhahabu ya mita 50 mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Delhi mwaka wa 2010, alitumia sekunde 23 na ushei. Shindano la namna hiyo halirudiwi kwa ajili ya kamera. Betri, kadi na mahali pa kusimama sharti viwe tayari kabla ya kipenga kulia.

Aidha, mabwawa yenye taa za umeme huleta picha zinazopepesa. Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Dawa ni kurekodi picha 25 au 50 kwa sekunde, na kuweka shata katika sehemu ya 50 au ya 100 ya sekunde.

Kamera ndogo za michezo

Mtu anapoingia majini, mambo hubadilika. Kamera ndogo ambazo leo zimezagaa zilitokana na mahitaji ya watelezaji wa mawimbi. Mmarekani Nick Woodman alianzisha kampuni ya GoPro mwaka wa 2002, na kamera yake ya kwanza, iliyouzwa kuanzia 2004, ilitumia filamu na kufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Kamera kuu za kampuni hiyo, tangu HERO5 ya mwaka wa 2016, huhimili kina cha mita 10 bila kasha. DJI Osmo Action 4, iliyotoka 2023, huhimili mita 18. Kwa mashua, maboti ya mpira na mabwawa, uwezo huo watosha.

Hata hivyo, kamera hizi huzama. Ikiponyoka mkononi katika maji ya kahawia ya Tana, haitaonekana tena. Mpini unaoelea na kamba ya kuifunga mkononi ni vya bei ndogo, lakini ndivyo hurudisha kamera nyumbani. Kwenye maboti ya Sagana, kamera ifungwe kwenye kofia ngumu au kwenye jaketi la kuokoa maisha ili mikono yote miwili ibaki kwenye kasia.

Vilevile, mtu asitegemee kuiongoza kamera iliyo chini ya maji kwa simu. Mawimbi ya redio humezwa na maji baada ya umbali mdogo sana, na kioo cha kugusa hakimtii mwenye kidole kilicho majini. Kamera yenye vitufe vikubwa ni bora.

Nambari ya kina si ahadi

Wanunuzi wengi hudanganyika na maandishi ya kwenye pakiti. Alama ya IP68 kwenye simu humaanisha kwamba simu ilipimwa katika maji baridi yaliyotulia, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji, mathalani mita 1.5 kwa dakika 30. Haizungumzii chumvi, wala dawa ya bwawa, wala kishindo cha mtu anayeanguka kutoka kwenye mawimbi. Watengenezaji wengi hawafidii simu iliyoingia maji, alama iwepo isiwepo.

Kila mita 10 za kina baharini huongeza shinikizo linalolingana na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Kwa hivyo kwenye mita 20 kifaa hubanwa mara tatu kuliko kinavyobanwa ufuoni. Anayekusudia kwenda zaidi ya mita chache anunue kasha lililotengenezewa kamera yake hasa. Makasha ya GoPro hufika mita 60.

Usalama wa kasha umo katika pete nyembamba ya mpira iliyo mlangoni. Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya pete hiyo hufungulia maji njia. Pete isafishwe kwa kidole, ipakwe mafuta kidogo ya aina iliyopendekezwa na mtengenezaji, na ibadilishwe ikianza kupasuka.

Kabla ya safari, kasha lijaribiwe likiwa tupu. Mkazi wa Tassia hahitaji bahari kwa hilo. Atie karatasi ya shashi ndani ya kasha, alifunge, alizamishe ndani ya pipa la maji kwa uzito wa jiwe kwa nusu saa, kisha aitazame karatasi. Ikilowa, kasha halifai. Jaribio hilo hufichua kasoro kubwa tu, kwani pipa halina shinikizo la bahari. Mara ya kwanza baharini kasha lishushwe tena likiwa tupu.

Rangi na mwanga

Chini ya maji, mwanga hupotea kwa zamu. Rangi nyekundu huwa imefifia sana kufikia mita tano, ya machungwa hufuata, na baada ya hapo kila kitu huelekea buluu. Kichujio chekundu husaidia katika bahari angavu kati ya mita tatu na 20 hivi, lakini kisitumiwe pamoja na taa, wala katika maji ya kijani kama ya maziwa mengi.

Taa za video hurudisha rangi, ila kwa umbali mdogo. Zisifungwe juu kabisa ya lenzi. Zikikaa pembeni, vumbi linaloelea majini haling'ai mbele ya kamera mithili ya theluji.

Siri kubwa ni kusogea karibu. Maji hupinda mwanga, na kupitia kioo bapa vitu huonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake, huku eneo linaloonekana likipungua. Kioo cha umbo la kuba hurudisha upana huo, na ndicho hutumiwa kupiga picha iliyo nusu juu ya maji na nusu chini.

Msimu pia ni sehemu ya vifaa. Mvua za masika zinapoanza, Mto Sabaki humwaga tope baharini karibu na Malindi, na hakuna taa itakayolipenya. Maji ya pwani huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi.

Kadi na betri

Video ya ubora wa juu inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 hivyo haitoshi saa moja na nusu. Kadi iwe na alama ya V30 au zaidi, na inunuliwe kwa muuzaji anayekubali irejeshwe, kwa kuwa kadi bandia ni nyingi. Betri tatu ni kiwango cha chini, kwa maana kasha halifunguliwi ovyo kwenye boti lenye manyunyu.

Baada ya kazi, kamera ikiwa ingali imefungwa iloweshwe katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa. Maji ya bahari yakiingia ndani, izimwe mara moja, itolewe betri na kadi, kisha ipelekwe kwa fundi. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi.

Uhai kwanza

Kamera humfanya mtu asahau alipo. Asiyejua kuogelea vizuri asiingie kwenye maji marefu kwa ajili ya picha, hata akiahidiwa malipo gani. Anayetaka kurekodi akiwa na mtungi wa hewa apate kwanza cheti cha kupiga mbizi, kisha afanye mbizi kadhaa bila kamera. Anapopanda asizuie pumzi kamwe, maana hewa inayotanuka huweza kupasua mapafu.

Kuna hatari nyingine inayomhusu hasa mkazi wa Nairobi. Wapiga mbizi hushauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kusafiri kwa ndege, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka kupiga mbizi asubuhi na kupanda Madaraka Express au basi jioni anapanda mlima huo huo. Siku ya kupumzika pwani sharti iingizwe katika bei anayomtajia mteja.

Vibali

Malindi na Watamu zina hifadhi za baharini tangu 1968, na shughuli humo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayerekodi kwa biashara aombe idhini mapema, na asishike wala kukanyaga matumbawe. Droni huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, kwa mujibu wa kanuni za mwaka wa 2020. Kwa watoto walio bwawani, idhini ya wazazi itafutwe kabla ya kuwasha kamera. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda.

Pesa zianze wapi?

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa busara ni huu: mafunzo ya kuogelea, kamera ndogo ya michezo hata ya toleo la zamani, mpini unaoelea, kadi halisi, betri za akiba, kisha kasha. Taa na kioo cha kuba vifuate kazi zikiongezeka. Lenzi ndefu na makasha ya kamera kubwa ni afadhali kukodi kwa siku moja kuliko kununua kwa mkopo.

Mteja hatauliza kamera ilikuwa ya jina gani. Atauliza kama picha zipo, naye aliyezipiga atakuwa amerejea Tassia salama kumjibu.