Mbwa wa Vijijini na Simba wa Mara

Msomaji wangu, hapa Bondeni mjini Nakuru ni jambo la kila siku kumwona mbwa koko akizunguka jaani alfajiri akitafuta makombo. Akikohoa au akitokwa na kamasi, ni nani atakayesimama kumtazama? Mimi pia nilikuwa nikipita zangu, mpaka niliposoma habari za simba wa Serengeti.

Mapema katika mwaka 1994 simba wa huko Tanzania walianza kutetemeka na kuanguka kama wenye kifafa, kisha wakafa. Maradhi hayo hayakujua mpaka wa nchi. Yalienea kaskazini hata yakaingia Maasai Mara, upande wetu wa Kenya. Katika Serengeti yapata theluthi moja ya simba waliangamia. Wataalamu walipochunguza waliona virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa ulio na ujamaa na surua ya wanadamu. Vijiji vilivyopakana na mbuga vilikuwa na mbwa wengi wasiochanjwa. Na yamkini fisi, ambaye usiku hunyemelea maboma na baadaye hugombea mzoga na simba, alisaidia kuueneza.

Virusi kuhama mnyama hata mnyama si ajabu. Mwaka 2004, huko Florida, Marekani, mafua ya farasi yaliwaingia mbwa wa mashindano ya mbio.

Lakini turudi Serengeti, kwa maana lililo kubwa bado. Damu ya simba iliyohifadhiwa tangu miaka ya nyuma ilipimwa, ikadhihirika kuwa simba walikwisha kuambukizwa distempa zamani, wala hakuna aliyetambua, kwa sababu hawakufa. Mbona basi wakafa mwaka 1994? Ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa. Simba walipowala nyati hao walipata kwa wingi vijidudu vya damu viletwavyo na kupe. Distempa ilipovunja kinga ya miili yao, vijidudu hivyo vikammaliza mfalme wa nyika. Kama chupa zile za damu zingalitupwa, nani angalilijua hilo?

Baadaye mbwa wa vijijini walichanjwa kwa maelfu, na ugonjwa ukapungua kati yao. Hata hivyo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba simba waliendelea kuambukizwa: virusi vilikuwa na njia nyingine, isiyopita kwa mbwa peke yake.