Usingizi wa Watoto katika Bungoma na Kitale

Mtoto anayekataa kulala huhesabiwa kuwa shauri la mama yake tu. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ukaidi huo una historia, nayo yaweza kufuatwa katika njia itokayo Bungoma kwenda Kitale.

Günter Wagner, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930, alieleza kwamba mtoto akikua kidogo hakulala tena nyumbani mwa wazazi. Wavulana walikwenda kwenye kibanda chao, wasichana kwa bibi, ambaye Wabukusu humwita kukhu. Kulala hakukuwa na saa. Ngano za linani, yaani zimwi, zilitambwa jioni motoni, chakula kikingali jikoni. Wahakiki wa fasihi simulizi hupenda kusema kwamba ngano hizo zilikusudiwa kufunza adabu. Ni kweli, lakini wameruka kazi iliyotangulia: kumzuia mtoto asisinzie kabla ya kula! Baada ya kula alijinyoosha kati ya wenzake, na aliyebaki macho hakumsumbua mtu ila bibi, ambaye naye hakuwa na haraka.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu mashamba katika Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Sheria ya 1918 ilikuwa imekwisha kumtaka maskwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Jamaa nyingi za Wabukusu zilihamia huko. Wazee wengi walibaki. Basi mama aliyengojwa shambani alfajiri alijikuta na watoto katika chumba kimoja, bila kukhu. Mtoto hakuwa na budi kunyamaza upesi.

Naona hapo ndipo zimwi lilipofupishwa. Ngano ina mwanzo, ina wimbo wa kuitikiwa, na wimbo huo hauhami kwa urahisi kutoka lugha moja hadi nyingine. Kitisho ni sentensi moja tu: lala, zimwi linakuja. Katika kambi za vibarua, ambamo Mbukusu, Mnandi na Mturkana walielewana kwa Kiswahili, sentensi hiyo ilivuka ukuta pasipo mkalimani.

Nyumbani kwa mlowezi mambo yalikuwa mengine. Huko yaya (neno lililotoka kwa Wareno, likapitia Uhindi) alimlaza mtoto wa Kizungu kwa saa ya ukutani, jua lisijazama sawasawa, hali wake mwenyewe wakimngojea kambini.

Tangu 1962 baadhi ya mashamba yale yalikatwa vipande kwa walowezi Waafrika, nao wengine wakawaleta wazee wao. Nyumba ya bibi ikajengwa tena. Lakini wajukuu walikuwa wakienda shule, na kengele ya asubuhi haikumngoja kukhu amalize hadithi.