Kuvu Iuayo, Kuvu Iokoayo: Sumukuvu na Mgawanyo wa Vijidudu

Vitabu vyetu vya sayansi huvigawa vijidudu mafungu mawili: vyenye faida, kama bakteria wanaogandisha maziwa, na vyenye madhara, kama wa kipindupindu. Mgawanyo huo unafaa darasani, ila hauelezi kinachotokea shambani na ghalani. Huko, madhara hutegemea nasaba ya kijidudu na mazingira tunayokiachia, mara nyingi kuliko spishi yake. Ushahidi ni Aspergillus flavus, kuvu inayotia sumukuvu kwenye mahindi na karanga.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyowekwa ndani kabla ya kukauka yaliwadhuru watu 317. Kati yao 125 walifariki, maini yao yakiwa yameharibika. Mwaka 2016 msiba kama huo uliwafika watu wa Dodoma na Manyara. Jiko halikuwaokoa. Moto wa ugali huiua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Hata kiasi kidogo kikiliwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na ng'ombe aliyelishwa pumba zenye sumu huipitisha kwenye maziwa.

Hata hivyo, ndani ya spishi hiyohiyo zimo nasaba zisizoweza kutengeneza sumu. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), pamoja na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ilizitumia kuunda Aflasafe. Punje za mtama huuawa kwa joto zisiote, zikapakwa spora za nasaba hizo na rangi ya buluu. Mkulima huzirusha kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mbelewele kuchomoza. Udongo ukiwa na unyevu, kuvu huota juu ya punje na kuenea. Nasaba zenye sumu zinapofika, nafasi imeshajaa. Majaribio mashambani yameonyesha sumukuvu ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wapo wanaoogopa kumwaga kuvu shambani kwa makusudi. Hofu yao inaeleweka, lakini kuvu hiyo imo udongoni tayari. Kinachobadilika ni uwiano wa nasaba zake. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mahindi yasipokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, kazi ya shambani inaweza kupotea ghalani.

Serikali zetu, kwa upande wao, huhangaika zaidi mpakani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Ukaguzi huo unahitajika, lakini mahindi yanayoliwa na mkulima mwenyewe hayapiti mpakani wala maabara. Kwa hiyo turubai, kipima unyevu na zile kilo 4 zilipiwe na fedha za umma kama zinavyolipiwa chanjo, kwa kuwa faida yake humfikia hata asiyelima.